Bunduki ya Babu, Laki Tatu na Miaka Yangu 22

Najua nimeadimika, si mnajua tena mambo ya UE. Nimetoka salama, matokeo tutayajua mbele ya safari. Leo sina habari za foleni ya kafeteria wala za boom kuchelewa. Leo nataka niwasimulie jinsi nilivyotaka kununua bunduki. Ndiyo, bunduki! Tena ya vita.

Wenzangu wa rumu nilipowaambia walicheka mpaka mmoja akadondosha uji. Eti mwalimu mtarajiwa, mtoto wa kike, Historia na Kiswahili, anataka bunduki ya nini, ya kusimamia prepo? Nikawaacha wacheke. Sasa wametulia, ngoja nieleze vizuri.

Kwetu ni Mbegani. Kwa wasiopajua, ukitoka Dar kwenda Bagamoyo, kabla hujafika mjini unakunja kulia kuelekea baharini, ndipo tulipo. Wengi wanapajua kwa sababu ya chuo cha uvuvi, au kwa sababu ya ile bandari kubwa iliyotiwa saini na Wachina mwaka 2013. Sisi wenyewe tunapajua kwa mikoko, minazi, muhogo na nguruwe pori. Hao nguruwe ndio mwanzo wa habari yote.

Babu yangu, baba yake mama, ana umri wa miaka 78 na ana raifo ya 303. Kwa Kiswahili cha kwetu inaitwa "thrii-oo-thrii" na kila mtu anaelewa. Ni bunduki ya jeshi la Uingereza, jina lake Lee-Enfield. Ukiitazama shingoni, pale chini ya mkono wa komeo, kuna taji limechongwa, herufi GR, na mwaka 1917. GR ni mfalme George. Yaani bunduki iliyotengenezwa wakati babu wa babu yangu ni kijana, vita ya kwanza ya dunia inaendelea, imelala kwenye sanduku la mninga nyumbani kwetu! Ina uzito wa kilo nne hivi, inabeba risasi kumi, na mbao za mbele zimekatwa. Bunduki nyingi za jeshi zilikatwa hivyo zikishauzwa kwa raia, ili ziwe nyepesi kwa kuwindia.

Babu aliinunua mwaka 1974 kwa Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anafunga virago. Leseni anayo, kitabu kimechoka kama msahafu wa zamani, kila mwaka kina muhuri. Ulipopita ule uhakiki wa silaha wa nchi nzima mwaka 2016, yeye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika kituoni, amevaa kanzu na koti, kama anakwenda kufunga ndoa.

Kazi ya bunduki hii ni moja tu, shamba. Nguruwe wakiingia kwenye muhogo usiku, asubuhi unakuta kama trekta limepita. Babu alikuwa analala dunguni, mwezi ukitoka anasubiri. Pwani yetu hatuli nguruwe, kwa hiyo akimpiga anamwacha wafike watu wa upande wa pili wenye kazi naye, wao wanashukuru na yeye analala. Majirani nao walimtegemea. Nusu ya muhogo nilioula nikiwa mdogo umelindwa na hiyo 1917.

Sasa tatizo. Macho ya Babu yameingia mtoto wa jicho, na mkono wa kulia unatetemeka. Mwezi wa Ramadhani uliopita alitwambia bayana, "Mimi sipigi tena. Anayeitaka aseme." Bei akataja, laki tatu, kwa mtu wa nyumbani. Mimi nikanyoosha mkono kabla Mjomba hajanyoosha.

Kwa nini niitake? Siyo kwa nguruwe, jamani, mimi hata panya namkimbia. Niliitaka kwa sababu ya somo langu. Mwaka wa kwanza tulisoma biashara ya misafara ya karne ya 19, pembe, watumwa, nguo, shanga, na kwenye orodha ile kuna neno moja ambalo wote tulilipita haraka, bunduki. Nikaanza kulifuatilia, na nililolikuta limenikaa kichwani mpaka leo.

Ni hivi. Miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalikuwa yanabadilisha bunduki. Zile za kushindilia baruti kwa mdomoni zikawa za kizamani, wakaingia za kutia risasi kwa nyuma. Uingereza ilibadilisha mwaka 1866, Ufaransa mwaka huohuo. Zile za zamani zilikuwa nyingi mno, ukizitupa ni hasara. Basi zikauzwa, zikapakiwa melini, na nyingi zikaja kushuka Zanzibar. Kutoka Zanzibar zinavuka mlango wa bahari na kushuka wapi? Bagamoyo! Pale pale tunapokwenda kula pweza. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza Zanzibar aliandikia wakubwa zake kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia bara kila mwaka kupitia pwani hii. Kila mwaka, wadau! Mtemi Mirambo wa Unyamwezi alijenga dola kwa hizo bunduki mitumba.

Halafu mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya wakakutana Brussels, wakaweka mkataba. Maneno yake ya juu yalikuwa kukomesha biashara ya watumwa, lakini ndani yake kulikuwa na kifungu cha silaha. Bunduki za kisasa marufuku kuuzwa kwa Waafrika katika eneo kubwa la bara hili, ila zile za kizamani, za gumegume na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa. Kwa maneno mengine, mkoloni awe na ya kisasa, sisi tubaki na gobore. Ukiona mpaka leo kuna wazee vijijini wana magobore, na mafundi wa kuyatengeneza, ujue ile haikuwa bahati mbaya tu.

Na mwaka mmoja kabla ya mkataba huo, 1889, Wissmann alikuwa ameshashuka Bagamoyo na askari wa Kisudani aliowaandikisha Misri, na wengine kutoka Msumbiji, kuja kupambana na Abushiri bin Salim. Mnajua mwisho wake, Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Miaka kumi na sita baadaye, wakati wa Majimaji, watu walikwenda mbele ya bunduki za Wajerumani wakiamini maji. Huwa tunafundishwa kana kwamba ni imani tu. Lakini jiulize, mtu aliyefungiwa mlango wa bunduki ya kisasa kwa sheria alibakiwa na nini mkononi?

Kuna jingine linachekesha na kuliza. Hata askari weusi wa Mjerumani walipewa mitumba. Vita ilipoanza 1914 kombania nyingi za askari zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja moja na baruti ya moshi. Ukipiga, moshi mweupe unapanda, adui anajua ulipo. Waliobahatika waliteka 303 za Waingereza pale Tanga, Novemba 1914. Bagamoyo yenyewe ilichukuliwa na Waingereza Agosti 15, 1916, na kuanzia hapo 303 ndiyo ikawa bunduki ya serikali huku kwetu. Kwa hiyo mnaponiona nalilia bunduki ya Babu, mimi naona kitabu kizima cha historia chenye kitako cha mbao.

Wenzetu huko nje wana utaratibu wa kukusanya hivi vitu. Marekani mtu ananunua bunduki ya vita ya zamani, anaipangusa, anaitundika ukutani, wikiendi anakwenda nayo kulenga shabaha au kuwinda paa. Wana leseni maalumu ya wakusanyaji kwa silaha zilizofikisha miaka 50. Zamani ilikuwa rahisi zaidi, unaagiza kwa posta kama unavyoagiza shati. Mpaka ilipofika Novemba 1963, Rais Kennedy akauawa kwa bunduki ya mtumba ya jeshi la Italia, iliyoagizwa kwa posta kutoka duka la Chicago kwa dola 19 na senti 95. Mwaka 1968 wakapitisha sheria ya kuzuia biashara hiyo ya posta. Kanada nako, walinzi wao wa kaskazini kwenye barafu walitumia Lee-Enfield hadi miaka ya 2010, kwa sababu haigandi na inamwezea dubu mweupe. Nilimsomea Babu hiyo ya dubu. Akasema, "Basi nguruwe wa Mbegani ameonewa."

Haya, turudi nyumbani. Laki tatu nilikuwa nimezipanga, boom moja na nusu kwa kula wali maharage tu. Kabla ya kumpa Babu hata senti nikakaa na sheria. Bongo siyo Marekani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2015 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25. Mimi nina 22. Habari imeishia hapo!

Lakini nikaendelea kusoma kwa niaba ya Mjomba, yeye ana 41. Barua inaanzia serikali ya kijiji, inapanda kata, wilaya, mkoa, kila ngazi kuna kamati ya usalama inakutazama wewe ni mtu wa namna gani. Kuna alama za vidole, kuna kuthibitisha unajua kuitumia na una pa kuifungia. Na leseni ni ya mtu, haiwi ya ukoo. Babu akitangulia mbele ya haki leo, ile bunduki haigawanywi kama minazi, inakwenda polisi mpaka apatikane mwenye sifa. Tena kitu ambacho wengi wanakichanganya, kibali cha kumiliki bunduki siyo kibali cha kuwinda. Mnyama pori nchi hii ni mali ya umma, ukitaka kuwinda unachukua leseni ya uwindaji kwa watu wa wanyamapori. Na kule Saadani, tangu iwe hifadhi ya taifa mwaka 2005, hata uwe na leseni kumi hupigi kitu.

Nikayapeleka hayo nyumbani kwenye kikao. Tulikaa barazani, Babu, Bibi, Mama, Mjomba na mimi. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, umesoma vizuri. Sasa mwambie nguruwe asubiri kamati ya mkoa." Watu wakacheka, ila yeye hakucheka. Mwaka huu amepoteza ekari nzima ya muhogo, na ana watoto watatu shule. Pendekezo lake lilikuwa jepesi. Bunduki ibaki pale pale sandukuni, leseni ibaki kwa jina la Babu, kazi aifanye yeye usiku. Nani atajua?

Halafu ndipo likatoka lililokuwa limefichwa. Kuna mtu alikuja na bodaboda wiki mbili nyuma, siyo wa kijijini. Alimkuta Mjomba shambani, akamwambia amesikia Mzee ana raifo, yeye yuko tayari kwa milioni moja na nusu, taslimu, bila karatasi. Mjomba hakukubali, ila hakukataa pia. Alisema atafikiria.

Pakawa kimya. Jamani, sisi ni mkoa wa Pwani. Mkoa huu huu, mwaka 2017, kule Kibiti, polisi 8 waliuawa siku moja na silaha zao zikachukuliwa. Tulikuwa watoto lakini tunakumbuka wazazi walivyokuwa wanafunga milango kabla ya Magharibi. Mama alikuwa wa kwanza kusema. "Milioni moja na nusu ya mtu asiyetaka karatasi, atakwenda kupigia nguruwe gani?"

Mimi nikamwambia Mjomba kwa adabu zote kwamba njia yake ya kwanza nayo itamfikisha pabaya, maana akikutwa usiku na bunduki yenye jina la mwingine, anayefungwa ni yeye na anayehojiwa ni mzee wa miaka 78 asiyeona vizuri. Akanijibu kwa uchungu, "Wewe unaongea kwa sababu unakula chuoni." Neno hilo lilinichoma. Nilikaa nalo kwa sababu halikuwa la uongo. Mimi niliitaka kwa ajili ya kuitazama, yeye aliitaka kwa ajili ya kula. Hivyo viwili havina uzito mmoja, hata kama sheria inatuzuia sote kwa pamoja.

Babu alikuwa anachezea tasbihi tu muda wote. Mwisho akaniita kwa utani wake wa siku zote, "Mke wangu, soma jina lililoandikwa kwenye kitabu." Nikasoma jina lake. Akasema, "Hilo jina nimelibeba nusu karne, hakuna mtu aliyekuja kuniuliza risasi yangu imefanya nini. Hii bunduki ikilala humu usiku mmoja bila mtu wa kuijibia, siyo yangu tena, ni ya mwizi ambaye hajafika." Akamgeukia Mjomba, "Omba leseni. Ukipata, nitakupa bure, hata hizo laki tatu sizitaki. Usipopata, serikali ichukue." Bibi akamaliza kikao kwa kuuliza nani anataka chai.

Kesho yake tuliipeleka kituoni. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, Babu na kanzu yake, na risasi saba zilizobaki ndani ya kitambaa. Askari wa zamu aliandika namba taratibu, akaisoma mara mbili, Babu akaisahihisha kwa kichwa bila kuangalia. Akapewa karatasi ya kupokelea. Kurudi alitembea kimya mpaka tulipofika kwenye mikorosho, akasema, "Begani pepesi."

Nimesikia wengine wakisema wazee kama hawa wanaonewa. Mimi naona tofauti. Kuna wenye magobore yasiyo na karatasi yoyote, na serikali imeshatoa muda wa kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa, kama ule wa Septemba na Oktoba 2023. Anayesalimisha siyo mwoga. Ukiwa na kitu kinachoua, heshima yake iko kwenye kujulikana kiko wapi na kiko kwa nani.

Sasa mtauliza mimi nimepata nini. Nimepata daftari. Nilikuwa sijui kama lipo! Babu tangu 1974 aliandika kila risasi iliyotoka. Tarehe, risasi ngapi, nini, wapi. "Nguruwe 1, risasi 1, shamba la juu." "Risasi 2, hakupatikana, damu mpaka mikoko." Kuna kiboko mmoja wa Ruvu ameandikwa kwa herufi kubwa, na pembeni, "kwa ruhusa ya Bwana Nyama." Nimehesabu, ni risasi 211 kwa miaka 45. Watu wanamaliza hizo kwenye filamu moja ya Rambo.

Na kuna sehemu tupu. Kuanzia Novemba 1978 hadi Agosti 1979 hakuna hata mstari. Nikamuuliza, Babu, huku uliugua? Akasema, "Huko nilikuwa Kagera na mgambo. Nilikuwa na ya serikali, hesabu ya zile sikuandika." Miaka yote hii sikuwahi kujua kuwa Babu alikwenda vitani Uganda. Mama naye alijua juu juu tu. Tumekaa naye siku tatu akinisimulia, nimejaza kurasa 40, na msimamizi wangu akikubali ndiyo itakuwa utafiti wangu wa mwaka wa tatu.

Mjomba barua yake imefika kata. Kwa sasa wanalinda kwa zamu na majirani, madebe, mioto na mbwa wawili. Nguruwe wamepungua kidogo, hawajaisha. Laki tatu zangu nimempa mia na hamsini achangie uzio wa miti, nyingine nimerudisha kwenye tumbo maana wali maharage ulikuwa umenichosha. Mwezi ujao naingia BTP, nimepangiwa kidato cha tatu. Nikifika kwenye biashara ya misafara, ile orodha ya bidhaa nitaisimamisha kwenye neno bunduki, na daftari la Babu nitakuwa nalo mezani.

Mnaosoma sheria, mnione hosteli, Mjomba ana maswali ya kata kwenda wilaya. Wengine mnasemaje? Nawasilisha.